Kabla Hujapaka Kanta: Kusoma Boksi la Rangi ya Nywele na Kujipima Ngozi kwa Saa 48

Swali linanirudia kila mara: "Mbona nilijipima kwanza na bado uso umevimba?" Nikiuliza alijipimaje, jibu halibadiliki. Alipaka tone nyuma ya sikio, akakaa dakika kumi akiperuzi simu, hakuwashwa, akapaka kichwa kizima. Wengine walinunua boksi lililoandikwa "bila amonia" au "hina nyeusi", wakaona hapo hakuna cha kupima.

Mwongozo huu unahusu kanta, piko la nywele na rangi zote za krimu au unga, za kina mama na za kina baba wanaoficha mvi za ndevu. Hatua ya tatu na ya nne ndizo zinazowashinda wengi, kwa hiyo hapo nitakaa zaidi.

Vitu vya kuandaa

- Boksi la rangi, pamoja na karatasi ya maelekezo iliyo ndani yake
- Simu yenye kamera, ya kukuza maandishi madogo
- Kalamu ya wino
- Pamba za masikioni
- Bakuli dogo la plastiki au la kioo. La chuma hapana
- Glavu, hata kama utapaka ndevu tu
- Mafuta ya mgando
- Taulo la zamani
- Siku tatu kabla ya siku yenyewe

Hilo la mwisho haliuzwi dukani, na ndilo linalokosekana. Kama harusi ni kesho na kipimo hukufanya, nenda na mvi zako au funga kilemba.

Hatua ya 1: Jichunguze mwenyewe

Kuna watu ambao hawana haja ya kuendelea na hatua ya pili. Jiulize haya.

Umewahi kuwashwa, kuvimba au kutoka vipele baada ya kupaka rangi ya nywele? Basi usipake, na usijipime tena nyumbani. Nenda kwa daktari wa ngozi, yeye ana namna yake ya kupima kwa kiasi kinachodhibitiwa.

Umewahi kuchorwa piko mkononi au mguuni likakuwasha? Jibu likiwa ndiyo, nawe ishia hapo. Piko la siku hizi mara nyingi ni unga uleule wa kanta, umekorogwa mzito na kuachwa juu ya ngozi kwa saa kadhaa. Ngozi ikishaikataa kemikali iliyomo, haisahau, hata ipite miaka ishirini.

Naijua hiyo kwa mwili wangu. Nilichorwa maua kwenye harusi ya binamu yangu nikiwa na miaka kumi na tisa. Siku ya nne maua yakainuka: ukipitisha kidole unayafuata jani kwa jani, umefumba macho. Yakapona, yakaniachia alama iliyopauka kwa miezi. Miaka mingi baadaye nikapaka kanta kuficha mvi chache za mbele, na asubuhi ya pili macho yakagoma kufunguka. Sikuunganisha mambo hayo mawili mpaka daktari aliponiuliza, kabla hata hajaangalia kichwa: "Mama, ulishawahi kuchorwa piko?"

Mengine ya kujiuliza: una kidonda, mba inayochubua au mikwaruzo kichwani? Subiri ipone, kwa sababu ngozi iliyochubuka hupitisha kila kitu. Umeweka dawa ya kunyoosha nywele karibuni? Acha wiki mbili zipite. Dawa za ganzi zenye benzocaine zimewahi kukuletea mzio? Mwambie daktari kwanza, maana kemikali hiyo ni jamaa wa ile tutakayoitafuta kwenye boksi. Una mimba? Ongea na mkunga wako. Wengi huahirisha mpaka miezi mitatu ya kwanza ipite. Na mtoto aliye chini ya miaka 16 hapakwi: Ulaya onyo hilo huchapwa juu ya boksi lenyewe.

Hatua ya 2: Dukani, kataa kabla hujachagua

Kataa unga uliofungwa kwenye kifuko cha nailoni bila maandishi. Muuzaji atakwambia "ni ileile, nimepunguza bei tu". Huenda ni kweli. Lakini hulioni jina la kilichomo, na ukivimba usiku daktari naye hatakuwa na pa kuanzia.

Kataa pia boksi lisilo na orodha ya viambato, tarehe ya kuisha muda, namba ya toleo na anwani ya mtengenezaji. Angalia alama ya ubora ya nchi yako. Kwa Tanzania Bara, vipodozi vimekuwa chini ya TBS, shirika la viwango, tangu 2019, awali vilikuwa chini ya TFDA, mamlaka ya chakula na dawa. Kenya ni KEBS, Uganda ni UNBS. Alama haimaanishi kwamba bidhaa haitakudhuru wewe. Inamaanisha kuna mtu wa kuulizwa.

Ukimaliza hatua hii una boksi moja mkononi, limefungwa vizuri, na unaweza kusoma kilichoandikwa nyuma yake. Bei isikusumbue sana. Nimeona boksi la bei kubwa na kanta ya bei ya chapati mbili zikiwa na kemikali kuu ileile.

Hatua ya 3: Geuza boksi, soma mgongo

Mbele ya boksi kuna mwanamke mwenye nywele ndefu na maneno matamu. Huko ni kwa mwenye kuuza. Wewe geuza.

Piga picha orodha ya viambato, kisha ikuze. Kama ndani kuna vitu viwili, krimu ya rangi na chupa ya kukolezea, kuna orodha mbili. Soma zote. Viambato huandikwa kuanzia kilicho kingi, kwa hiyo rangi zenyewe mara nyingi ziko katikati au mwishoni, na mtu akichoka kusoma njiani hazioni.

*Jina la kwanza la kutafuta: PPD.* Hii ndiyo inayotia nywele weusi wa kudumu, na ndiyo inayoongoza kwa kuvimbisha watu. Kwenye boksi hujificha kwa majina kadhaa. Tafuta lolote kati ya haya:

- p-Phenylenediamine, au Para-phenylenediamine
- 1,4-Benzenediamine
- 1,4-Diaminobenzene
- CI 76060

Kwa nini inasumbua? Chembe zake ni ndogo sana na hazina rangi. Hupenya ndani ya unywele, huko zikakutana na kemikali ya kukolezea, zikashikana na kuwa chembe kubwa nyeusi zisizoweza kutoka tena. Ndiyo maana haichuji ukiosha. Udogo huohuo ndio unaoziwezesha kupenya ngozi kabla hazijashikana. Sheria ya Umoja wa Ulaya inaruhusu PPD isiyozidi asilimia 2 katika mchanganyiko unaopakwa nywele, na kuitumia kuchora ngozi hairuhusiwi. Piko la harusini halipimwi na mtu. Mchoraji hukoroga kwa jicho.

*Jina la pili: Toluene-2,5-Diamine*, wakati mwingine likifuatwa na neno Sulfate. Hapa ndipo maboksi yenye maneno "haina PPD" yanapowaponza watu. Ni kweli PPD haimo, ila ndugu yake yumo, na wengi waliokataliwa na PPD hukataliwa na huyu pia. Hata ile mpya inayosifiwa kuwa ni pole, 2-Methoxymethyl-p-phenylenediamine, husaidia zaidi mtu ambaye bado hajapata mzio. Aliyekwisha kuupata asiiamini.

*Mengine ya kuandika pembeni:* Resorcinol, m-Aminophenol na p-Aminophenol. Haya huambatana na yale mawili ya juu, na kila moja linaweza kuleta mzio peke yake.

*Hydrogen Peroxide* ndiyo ya kukolezea. Chupa za saluni huandikwa 10, 20, 30 au 40. Hizo ni sawa na asilimia 3, 6, 9 na 12. Kwa kufunika mvi, 20 inatosha. Ukiona 40 nyumbani, irudishe kwa wenye kazi yao. Usidanganywe na kanta ya unga inayochanganywa na maji matupu: kikolezo kimo ndani ya unga, tazama maneno kama Barium Peroxide au Sodium Perborate.

*"Bila amonia".* Kazi ya amonia ni kufungua unywele ili rangi iingie, na ndiyo inayotoa ile harufu ya kuchoma macho. Ikiondolewa, mara nyingi huwekwa Ethanolamine ifanye kazi hiyo bila harufu. PPD inabaki palepale. Kwa hiyo maneno hayo yanakuhakikishia pua yako tu.

*"Hina nyeusi".* Hapa nitasema bila kuzunguka: mmea wa hina hautoi rangi nyeusi. Jani la mhina, Lawsonia inermis, hutoa rangi ya chungwa iliyoiva hadi kahawia nyekundu, kama bibi zetu walivyopaka. Hina ikikupa weusi wa mkaa kwa nusu saa, kuna kitu kimetiwa, na mara nyingi kitu hicho ni PPD. Weusi wa mimea upo, lakini unapatikana kwa kupaka hina kwanza na kisha unga wa nili, Indigofera tinctoria, na kazi hiyo inakula saa nyingi. Orodha iwe na mimea tu. Ukiona namba na vistari katikati ya majina, hiyo si mimea.

*Lead Acetate* hupatikana kwenye baadhi ya rangi za wanaume zinazotia weusi kidogo kidogo kila siku. Ni madini ya risasi. Ulaya imeikataza, na Marekani ilitangaza kuondoa kibali chake mwaka 2018. Ukiiona, acha boksi hapohapo kwenye kaunta.

Umefaulu hatua hii ukiweza kusema, bila kuangalia, boksi lako lina kemikali gani kati ya hizi. Watu wengi watakuta PPD au ndugu yake. Hilo halimaanishi ulitupe. Linamaanisha hatua ya nne ni lazima.

Hatua ya 4: Jipime, na usihesabu chini ya saa 48

Mzio wa rangi ya nywele kwa kawaida hauji papo hapo. Askari wa mwili wanaohusika hapa huchukua siku moja hadi tatu kukusanyika. Dakika kumi zako zilikuwa za kuonja tu.

Jipime kila unaponunua boksi, hata la kampuni uliyoizoea. Mtu hupaka mara kumi salama, ya kumi na moja mwili ukasema basi.

*Siku.* Kama sherehe ni Jumamosi na utapaka Ijumaa jioni, jipime Jumanne jioni. Hiyo inakupa siku tatu kamili, kwa sababu wapo wanaochelewa kuonyesha.

*Mahali.* Maelekezo mengi husema nyuma ya sikio au kwenye kiungo cha ndani cha kiwiko. Ila kwa anayetawadha, sehemu hizo mbili hupitiwa na maji mara tano kwa siku, na kwa joto letu la pwani nyuma ya sikio jasho halikauki. Mimi huwashauri waweke upande wa ndani wa mkono, vidole vinne juu ya kiwiko. Ngozi ya hapo ni laini, haifikiwi na udhu, na unaiona bila kioo.

*Namna ya kufanya:*

1. Osha sehemu hiyo kwa maji na sabuni, ikaushe.
2. Soma karatasi ya maelekezo. Krimu nyingine hupimwa peke yake, nyingine ikishachanganywa, fuata walivyosema. Kanta ya unga, chukua unga wa kujaa ncha ya kijiti, lainisha kwa tone la maji. Kama karatasi haisemi chochote kuhusu kipimo, rudisha boksi. Mtengenezaji makini hasahau hilo.
3. Vaa glavu. Kwa pamba ya sikioni, paka duara dogo la ukubwa wa kucha ya kidole cha mwisho. Usizidishe, kipimo kikubwa kinaweza chenyewe kuamsha mzio.
4. Zungushia kalamu ya wino, maana rangi ikichuja utasahau ilikuwa wapi.
5. Acha ikauke. Kama karatasi inataka uoshe baada ya muda fulani, osha, lakini saa 48 zinaendelea kuhesabiwa. Ukioga, dodoki lisipite hapo.
6. Angalia asubuhi na jioni, siku zote mbili. Ukiweza, na ya tatu.

*Kusoma matokeo kwenye ngozi nyeusi.* Maelekezo ya kigeni husema tafuta wekundu. Kwenye ngozi yetu wekundu hauonekani vizuri, na juu yake kuna doa jeusi la rangi linaloficha kila kitu. Tumia kidole. Fumba macho, pitisha kidole kwenye doa, kisha sehemu ileile ya mkono wa pili. Pako sawa? Pana ukwaru, pamevimba, pana joto kuliko pengine? Unajikuta unapakuna usiku bila kujua? Hayo ni majibu.

Umefaulu ikiwa kilichobaki ni doa tu: ngozi tambarare, baridi, haiwashi.

Umeshindwa ukiona muwasho, vipele, malengelenge au uvimbe, hata kidogo. Osha kwa maji mengi na sabuni laini. Usijaribu "nipunguze tu kiasi". Piga picha mkono, piga picha boksi, umwonyeshe daktari wa ngozi. Ukijua jina la kilichokukataa utajilinda maisha yako yote.

Hatua ya 5: Jaribu kwa nywele chache

Hii ni fupi. Kata nywele chache za nyuma zisizoonekana, au okota zilizobaki kwenye kitana. Zipake mchanganyiko, ziache kwa muda ulioandikwa kwenye boksi, suuza. Zikipata joto, zikitoa moshi au kukatika ukizivuta, usiendelee. Hutokea hasa kwa nywele zilizowahi kupakwa rangi zenye madini, kama ile ya risasi niliyoitaja.

Hatua ya 6: Kupaka

Usioshe kichwa siku hiyo, na usikikwaruze kwa kitana. Mafuta ya asili ni ngao ya ngozi. Paka mafuta ya mgando kwenye paji la uso, masikio na shingo, fungua madirisha, vaa glavu.

Changanya kwenye bakuli lililo wazi. Ukichanganya ndani ya chupa na kuifunga, gesi hujaa na chupa hupasuka. Usiunganishe masalio ya boksi hili na lile.

Fuata dakika za kwenye boksi. Kulala nayo hakuongezi weusi, kunaongeza tu muda wa ngozi yako kunywa kemikali. Na kamwe isifike kwenye nyusi wala kope. Marekani onyo la kisheria kwenye maboksi haya linataja upofu kwa jina lake.

Suuza mpaka maji yatoke meupe, kisha shampuu. Kichwa kisiwashe wala kuchoma. Kikianza kuchoma katikati ya kazi, osha hapohapo, hata kama nusu ya mvi bado zinang'aa.

Kwa wasusi na vinyozi: wewe unagusa rangi ya watu kumi kwa siku. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka kazi ya saluni katika kundi la yanayoelekea kusababisha saratani kwa binadamu, huku matumizi ya mtu binafsi yakibaki katika kundi ambalo ushahidi wake hautoshi kuamua. Vaa glavu mpya kwa kila mteja, na wakati wa kuosha pia.

Kama kipimo kimekukataa

Hina safi inabaki, kwa anayekubali nywele za rangi ya shaba. Mvi huitika vizuri sana kwa hina. Ipime nayo kwa saa 48, kwa sababu inayouzwa kwa kupima kwenye gazeti huwezi kujua imechanganywa na nini. Mtoto mchanga asipakwe hina kabisa, hasa kama katika ukoo kuna upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu: inaweza kuvunja chembe zake nyekundu za damu, na tatizo hilo la kurithi halikosekani pwani yetu.

Mambo yakiharibika

Muwasho wa kichwa peke yake: suuza kwa maji mengi yasiyo ya moto. Usipake limau, dawa ya meno wala majivu. Utaongeza kidonda juu ya kidonda.

Macho yakivimba, usaha ukitoka kichwani au malengelenge yakishuka shingoni, nenda hospitali siku hiyohiyo. Uvimbe wa rangi hupenda kuanzia kwenye kope kwa sababu ngozi ya hapo ni nyembamba, kwa hiyo usidhani umeamka vibaya.

Midomo au ulimi ukivimba, ukapumua kwa shida au kutaka kuzimia, usisubiri kupambazuke. Chukua boda, teksi, gari la jirani, chochote.

Unga uliobaki uweke juu, umefungwa kwenye boksi lake, mbali na watoto. Usiutie kwenye chupa ya soda wala kopo la viungo. Kanta ikimezwa, koo na shingo huvimba mpaka hewa ikazuiwa, na figo hufuata. Mtoto akikutwa na weusi mdomoni, usimtapishe wala kumpa maziwa. Mbebe, beba na boksi, kimbia.